Baba Yetu wa Ng'ambo

Mpaka leo nikisikia harufu ya gazeti lililochovywa mafuta ya taa, narudi sebuleni kwetu Kaloleni, Arusha, Ijumaa asubuhi, mama amepanda juu ya stuli anafuta kioo cha picha. Ilikuwa picha ya mji wa Ulaya, nyeusi na nyeupe, ndefu kama benchi la darasani, mabomba ya moshi yamejipanga kando ya mto mpana ajabu. Baba alipewa na Mzungu aliyekuja kufunga mitambo kwenye kiwanda cha nguo alikofanya kazi. Mama mmoja wa Oldonyo Sambu aliyekuwa akituletea maziwa aliitazama siku ya kwanza, akauliza kwa huruma, "Hawa watu wanapika nini, moshi wote huo?" Baba alicheka mpaka kile kikohozi chake kikavu kikamshika.

Mji huo wa pichani ndiko baba alikopelekwa kusomea mitambo. Mwaka mmoja tu, alisema alipotuaga. Mimi nilikuwa nimeanza darasa la kwanza, mdogo wangu Idi bado anabebwa mgongoni. Mwaka ukaisha, ukaja mwingine, na mwingine. "Kazi za kule haziishi," mama alisema.

Idi hakuikumbuka sura ya baba, basi nikamchagulia dirisha moja pichani, karibu na daraja, nikamwambia baba analala humo. Kila jioni kabla ya kula alipanda kwenye kochi, akaweka kidole pale, akasema, "Shikamoo baba." Halafu akasubiri. Mimi nilimwitikia kwa sauti nzito, "Marahaba, mwanangu," naye akashuka ameridhika. Kila mara, kule jikoni, nilisikia mwiko unasimama sufuriani.

Likizo moja, nikiwa darasa la tano, mama mdogo alinichukua twende Kikatiti siku ya soko, nikamsaidie kuuza kanga. Jua lilipokuwa kali akanituma nikaombe maji kwenye mashine ya kusaga. Mlangoni alikuwa ameinama mtu mmoja, unga umemjaa mpaka kwenye kope, anakaza mkanda wa mashine. Akakohoa. Nilimjua kabla hajainua uso.

"Shikamoo baba."

Akaweka spana chini.

"Marahaba," akasema. "Zaina? Umerefuka."

Nikamuuliza amerudi lini. Akapangusa mikono kwenye suruali. "Muda," akasema. "Muda kidogo."

Kitoto cha kike kikatokea nyuma ya magunia, kikamshika mguu. "Baba, mama anasema chakula tayari."

Alinichotea maji, akasimama mpaka nikamaliza. Kisha akachukua kikombe chake, akawasha mashine, na kelele zikajaa kila mahali.

Jioni nilimkuta mama uani anachambua mchicha. Nikamweleza. Hakuinua uso.

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu aliporudi."

Nikamwita mwongo. Nilingoja kofi, halikuja.

"Baba aliye Ulaya ana sababu ya kutokuja," alisema. "Huyu wa Kikatiti nimtafutie sababu gani? Nimwambie nini Idi?"

Ndani, Idi alikuwa ameshapanda kwenye kochi. Tulimsikia akiamkia. Jioni ile hakuna aliyemwitikia.

Idi alipoingia sekondari, mama alimweleza mwenyewe. Idi hakuuliza hata swali moja. Majirani hawakuambiwa kitu. Kila walipomuulizia mumewe, mama alijibu kwamba hajambo, ila kazi zimemzidi.

Baba amefariki mwaka huu. Tulikwenda mazikoni Kikatiti, Idi na mimi. Nilikaa uani na wanawake, na mmoja aliponiuliza, "Wewe ni nani wake marehemu?" nilisema natokea Arusha, akanisogezea chai. Kule makaburini, Idi alinieleza baadaye, watoto wa kiume wa marehemu waliitwa washuke kaburini wampokee baba yao. Wakashuka vijana wawili. Idi alibaki juu na majirani.

Utotoni niliamini kwamba mama alitudanganya sisi wawili tu, na kwamba siku tukijua ukweli, mambo yatakuwa yamekwisha. Sikuona kwamba mwenye kubaki ndani ya uongo ule alikuwa yeye.

Baba hakuwahi kumpa talaka. Kwa hiyo sasa mama amekaa eda. Amevaa nguo zilizofifia, hajipaki hata mafuta, mlango umerudishwa. Hakuna aliyekuja kumpa pole, maana mtaani mumewe ni mzima, yuko Ulaya. Juzi jirani alisimama dirishani akauliza mbona haonekani siku hizi. Nilikuwa nimekaa na mama mkekani.

"Miguu," mama akajibu. "Miguu tu inanisumbua."