Wa Mwisho Upande wa Kushoto

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo haijapata kunitoka, na hunirudia kila ninaposhika kitambaa kupangusa kioo cha kamera. Ilikuwa Matogoro, nyumbani kwa katekista mmoja aliyeitwa Mwalimu Gaudensi, kwenye jubilei ya ndoa yake. Nilikuwa kijana mwenye nguvu zangu, koti la kuazima mwilini na lenzi mpya shingoni. Nisikilize polepole, maana habari hii siwezi kuikimbiza.

Kwanza umjue anayesema nawe. Mimi darasa la tano sikulimaliza. Nilitoka Lusewa na katambuga miguuni, na leo hapa Songea ukiulizia mpiga picha, hata dereva wa bodaboda aliyefika jana atakuleta mlangoni kwangu. Nimejenga, nimesomesha. Maharusi wa Tunduru hunipigia simu kabla hawajamwita mpishi. Watu husema najisifu. Waseme, jasho lilikuwa langu, wala hakuna aliyenishika mkono isipokuwa mtu mmoja tu, Mzee Ngonyani, aliyenipokea studioni kwake na kunifundisha kazi. Mungu amrehemu.

Mzee Ngonyani alikuwa na kamera moja ya mkanda na lenzi moja fupi, imechubuka rangi yote. Akitaka uso wa mtu, alimsogelea. Akitaka ukoo mzima uingie, alirudi kinyumenyume kwa miguu yake mpaka ndani ya mahindi ya watu.

"Mzee, utaangukia mtaroni," watoto walimwambia.

"Nikianguka, nipigeni picha," naye akawajibu.

Mimi nilikuwa naona aibu kusimama naye. Nilidhani kurudi kinyumenyume si kazi ya mtu anayetaka kuwa mkubwa.

Basi akaja mchuuzi kutoka Dar es Salaam na begi la vifaa vilivyokwisha tumika. Akanitolea lenzi moja, kioo chake kimetuna kama jicho la chura. "Hii, kijana wangu, inabeba ukoo mzima na mbuzi wao, na wewe hujasogea hata unyayo." Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ile lenzi ilikuwa imetembezwa kutoka Dar mpaka Songea, na sikujiuliza kwa nini. Nikauza baiskeli yangu, nikaichukua.

Mzee Ngonyani hakunigombeza. Aliigeuza mwangani, kisha akanipeleka nyuma ya studio penye ukuta wa matofali, akasema, "Haya, upige picha huo ukuta." Nikaona ananidhihaki. Nani anapoteza mkanda kwa matofali? Nikapiga hivyo hivyo. Picha iliposafishwa aliiweka mezani, akapitisha kidole juu yake. Katikati kila tofali lilikuwa na ncha zake, ungeweza kuona hata sisimizi. Huku pembeni, kushoto na kulia, matofali yalikuwa yamelainika kama ugali ulioingia maji.

"Unaona?"

"Naona, Mzee. Lakini ni kidogo tu. Kwenye picha ndogo nani atajua?"

"Atajua wa pembeni. Ukiitumia hii, rudi nyuma, uache nafasi tupu huku na huku. Watu wako wawe katikati."

"Sasa nikirudi nyuma, si nitakuwa kama wewe?"

Alicheka, mwanangu. Mtu na heshima zake, nimemvunjia mbele ya wateja, akacheka na kurudi kwenye kazi yake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini ngoja, maana safari ile guu lililovunjika halikuwa langu.

Siku ya jubilei, baada ya misa, watu wakajaa uani kwa Mwalimu Gaudensi. Unajua sisi huku tunavyowapanga watu kwenye picha. Padri katikati, wenye sherehe kuume na kushoto kwake, kisha wazee, kisha wageni wenye suti, na watoto wachuchumae mbele. Watu wa jikoni huitwa mwisho kabisa, nao hujibandika pembeni palipobaki. Hakuna anayewaagiza, wamekwisha zoea. Nyuma yangu palikuwa na shamba la mahindi yaliyokauka, ningerudi humo hatua chache tu ingetosha. Sikurudi. Nikatangaza kwa sauti, "Leo mpiga picha haingii shambani," watu wakacheka, wakanisifu kijana wa kisasa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Nilikuwa nimekwisha inua kamera pale alipotoka mwanamke mmoja jikoni, mbio mbio, anajifuta mikono kwa kanga. Huyo ndiye Tekla, mdogo wake katekista, mjane aliyeishi pale na binti yake Yustina. Pilau yote iliyoliwa siku ile ilipita mikononi mwake. Yustina alikuwa ameshachuchumaa mbele, miguuni pa padri. Tekla akasimama wa mwisho kabisa, upande wa kushoto.

"Kaka, na mimi nimeingia?" akaniuliza.

"Umeingia, dada. Tulia hapo hapo."

"Usije ukanikata. Yule wa kwenye kipaimara alinikata, nikabaki mkono na sahani."

Watu wakaangua kicheko. "Kwangu hukatwi," nikamwambia.

Na kweli sikumkata.

Mvua zilipoanza, Tekla akashikwa na homa, ikamlaza, ikamchukua upesi kuliko watu walivyodhani. Mwalimu Gaudensi akaja studioni, nguo zimemlowa, hata kiti nilichomvutia hakukikalia.

"Kijana, dada yenu ametutoka," akasema. "Tunataka picha yake ya kuweka juu ya jeneza. Pale nyumbani anaonekana kwenye ile moja tu, ya jubilei."

Kwetu, mwanangu, picha ya marehemu si pambo. Hukaa juu ya jeneza, kisha mtoto wake huibeba mbele ya msafara mpaka kaburini, na baada ya hapo hutundikwa sebuleni, ndiyo inayobaki na watu. Nikamwambia Mwalimu asihangaike, mkanda ninao, ataipata. Nikauchukua uso wa Tekla kutoka lile kundi, nikaukuza.

Kwenye picha ndogo alikuwa mtu. Ukimwangalia kwa haraka unasema huyu Tekla na kanga yake. Nilipomkuza, uso ukaondoka. Macho yamevutwa kuelekea sikioni, pua haina mpaka, mdomo umeyeyukia kidevuni. Nikarudia, nikapunguza mwanga, nikaongeza mwanga, ni yale yale. Mzee Ngonyani alishusha maboksi yake ya mikanda, akaketi dirishani, akapitisha mmoja mmoja kwenye mwanga, harusi, vipaimara, misiba, akimtafuta. Alimpata mahali pamoja tu. Ulikuwa mgongo wake, ameinamia sufuria.

Nikapeleka ile niliyokuwa nayo. Nilijiambia watu wenye majonzi hawaangalii sana. Mwalimu akaipokea, akaitazama, akaiweka juu ya jeneza. Ulipofika wakati wa kutoka, Yustina akapewa aibebe. Akaishika fremu, akaielekeza mlangoni kwenye mwanga.

"Mjomba, huyu ni nani?"

"Ni mama yako," Mwalimu akamjibu.

"Mama ana kovu hapa." Akagusa nyusi yake mwenyewe. "Huyu hana. Huyu hana hata macho."

Mama mmoja wa jumuiya akamwinamia. "Shika tu, binti yangu. Watu wanasubiri."

"Mimi huyu simbebi."

Akaiegemeza ukutani taratibu, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani, akatoka. Tukaenda makaburini bila picha. Msalaba mbele, jeneza nyuma yake, na katikati yule mtoto, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Wanawake walipoanza kuimba, mimi nilikuwa nyuma kabisa na kamera yangu, na hakuna aliyenikumbuka, nikashukuru.

Tuliposhuka kurudi mjini nikaanza kulalamika. "Ile lenzi ni takataka, Mzee. Yule mchuuzi amenitapeli. Siku nikimtia machoni..."

"Lenzi imekosa nini?" Mzee Ngonyani akaniuliza, na hakusimama. "Uliipigia ukuta, ikakueleza udhaifu wake wote, haikukuficha. Aliyemwambia yule mama ameingia ni nani?"

Tulitembea mpaka tulipoziona taa za mjini, ndipo akaongeza, "Na lenzi hiyo usimwuzie kijana mwingine. Kina Tekla ni wengi."

Miaka imepita. Mzee naye tumemzika, na picha yake nilipiga mimi, nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Sasa nina lenzi ambazo mjini hapa hakuna mwingine aliye nazo. Na Yustina ni mtu mzima, ana watoto, anafundisha chekechea. Juzi juzi alikuja na wanawe niwapige picha. Tulipomaliza akawatoa nje, akabaki mlangoni.

"Baba, nikuulize kitu."

"Uliza, mama."

"Siku ile ya jubilei wewe ulimwangalia mama kwenye kamera. Mimi sauti yake ninayo, hata mikono yake naikumbuka. Uso umenipotea. Alikuwa anafananaje?"

Mwanangu, kanzu ya padri wa siku ile naweza kukuelezea. Naweza kukuambia mgeni yupi alikosa kifungo. Nikamtafuta Tekla kichwani mwangu, nikapata kanga na maneno yake. Nilitaka kumtungia binti yule uso wowote, uso mzuri, akapumzike nao. Ulimi ukakataa.

"Sikumwangalia, mama," nikamwambia. "Nilikuwa nawaangalia wa katikati."

Akatikisa kichwa kidogo. "Basi, Baba. Nilikuwa nauliza tu." Akawafuata watoto wake.

Kwa hiyo nakuusia hivi. Chombo chako cha kazi, kiwe kamera, cherehani au msumeno, kijue kasoro yake kabla hujasimama nacho mbele ya watu, na ukishaijua, mzigo wa kasoro hiyo ubebe wewe, usimtwike mteja asiyejua. Ukilazimika kurudi nyuma mpaka kwenye mahindi, rudi, wacheke. Kicheko huisha kabla ya jua kuzama. Na mtu akikuuliza kama ameingia, usimjibu mpaka umemwona.

Nawe usiye mpiga picha usidhani nasema na wengine. Una simu mfukoni imejaa sura yako. Je, anayekuoshea vyombo umempiga picha lini? Mwite leo, atoke jikoni, asimame peke yake mlangoni penye mwanga. Atakuambia hajajipamba, atakuambia ngoja avae kitenge kizuri. Mwache aseme, mwache akatae na kucheka, mradi umtazame vizuri anapokataa, nyusi zake, kovu lake, jino lake lililopinda.

Mwenyezi Mungu abariki kijiko chako na jembe lako. Wale unaowapenda akuachie mpaka uwashibe, na siku watakapotangulia, ukifumba macho wakujie na sura zao zote.