Mfadhili alitaka kabila la kila mama aliyeimba

Wakuu, shikamooni mnaostahili, waliobaki mambo. Haya sikusimuliwa, niliyaona nikiwa nimekaa sebuleni, maana mimi sebuleni ndiyo ofisi.

Ni Bujumbura, miaka ya vita. Watu walilalamikia curfew. Mimi nilikuwa na yangu binafsi tangu utotoni, kutoka nje si desturi yangu.

Tulikaa nyuma ya duka la baba, mtaa wa Asiatique. Shemeji, mume wa dada yangu, alifundisha chuo kikuu na alikuwa akitafiti nyimbo za harusi za akina mama wa mjini. Pesa zilitoka kwa mfadhili wa Ulaya. Mimi niliyeishia sekondari nikapewa kazi saizi yangu: play, pause, andika maneno.

Dada akanitania, "We umepata kazi ya kutumia makalio."

Akina mama walitoka Ngagara, wengine Cibitoke, mitaa ya makabila mawili ambayo siku hizo haikutembeleana. Waliingia dukani kama wateja, wanaimba huku nyuma, wanatoka na kipande cha sabuni.

Kwenye kaseti kila mmoja alijitaja kwa jina la mtoto. Mama Saidi. Mama Zena. Basi. Kwetu hilo linatosha, na wakati ule lilikuwa kinga pia.

Siku moja akaja mjumbe wa mfadhili. Mtu mpole, akasifu chai. Kisha akauliza: hizi sauti, kila moja ni ya kabila gani? Bila hilo, pesa za awamu ya pili hazitoki.

Wakuu, niliirudisha sambusa kwenye sahani.

Nje watu wanauawa kwa swali hilohilo, leo linaulizwa kwetu mezani!

Shemeji akajibu taratibu, "Monsieur, mi nilirekodi nyimbo. Pua sikurekodi." Maana kwetu kabila watu walidai kulisoma puani.

Nikajua chuo kitamtetea. Kesho yake akaja mkuu wake, mzee aliyemfundisha tangu mwaka wa kwanza.

"Jaza tu," akamwambia. "Kama haujui, weka yoyote. Nani atauliza?"

YOYOTE!

Sekondari kwetu ukikopi hesabu unafukuzwa. Huyu mzee wa vitabu anataka mutu apachikwe kabila la kubuni, katikati ya vita, halafu iitwe utafiti.

"Akiuliza mwenye bunduki je, professeur?" Shemeji akamuuliza.

Mzee akatazama chini. "Basi utafiti umekufa. Na mkataba wako pia."

Dada alikuwa na mimba ya miezi saba. Nikamwangalia, akaangalia pembeni.

Shemeji hakujaza. Akaanza kurudisha kaseti kwa wenyewe. Mama Saidi alipopewa yake akashangaa, "Mwalimu, sauti yangu imekukosea nini?"

Akaelezwa. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Ungewaambia kabila yangu ni harusi!"

Akaificha kaseti kwenye kitenge. Kicheko kikaisha. "Na kazi yako je, mwanangu?"

"Apana wasiwasi, mama."

Jumatatu Shemeji alikuwa kwenye kaunta ya baba, anapima misumari.

Mpaka leo sijapona mshtuko. Nilichojifunza: ukipewa pesa za utafiti, uliza mapema ni kitu gani hutaruhusiwa kukataa.

Wasomi mliomo humu, nyie mngejaza? Na mke ana mimba? Karibuni, ila kila mtu ajibu kwa nafsi yake, msinijibu kwa niaba ya chuo.