Bega la Dereva wa Lori

Jumatatu, katika zahanati moja huku Ipogolo, mbele yangu kwenye foleni alikuwapo dereva wa lori la kijiji cha ujamaa. Bega la kulia lilimuuma.

“Unabeba mizigo, kaka?” nesi aliuliza.

“Sibebi, dada. Lori linavuta kushoto, nalishikilia lisiingie mtaroni.”

Nesi akafunga chupa ya dawa. “Basi tuanze na lori.”

Nilipanda lori pamoja na dereva hadi gereji ya jirani. Fundi alipapasa magurudumu kwa kiganja, moja moja. La mbele kushoto lilikuwa la moto.

“Breki hii haiachii. Safari ni lini?”

“Kesho. Nawapeleka wanakijiji msibani, tunashuka mlima Kitonga.”

“Kwa joto hili, breki zingekufa katikati ya mteremko,” fundi alisema. Dereva akaketi chini.

Nesi mwingine angempa aspirini na kumtakia safari njema.