Maiti Aliyeomba Feni

Kila kundi la marafiki lina mchekeshaji wake, na kundi la kina Buboy lilikuwa na Wendel, ambaye mwenyewe hakucheka hata chembe. Siri ya video zao za vichekesho ilikuwa hapo hapo. Buboy hupayuka, Chona hujigaragaza chini, na Wendel husimama katikati yao na uso mkavu kama kibao cha kukatia nyama. Watu wa mji wao, Guimbal, waliozitazama kwenye simu walivunjika mbavu. Mwenyewe alipoulizwa anawezaje kujizuia, alijibu kwamba hajizuii, nao wakacheka tena.

Alikuwa anasema kweli. Wendel alikuwa na miaka kumi na tisa, na tangu miaka miwili nyuma ndani yake hakukuwa na kicheko wala kilio. Baba yake, Teofilo, alikuwa baharia wa meli za mizigo. Meli ilikwenda naye, ikarudi bila yeye. Ameanguka baharini, walisema, na maiti haikupatikana. Mama yake, Norma, muuza samaki wakavu, alipopewa habari hizo alifuta mikono kwenye aproni akaendelea kumpimia mteja. Majirani walipomwuliza matanga yanaanza lini, aliwakata kauli: "Matanga ya nani? Mmeona maiti hapa?" Na aliyeuliza Teofilo yuko wapi alijibiwa, "Yuko melini." Sasa mtoto ataanzia wapi kulia? Humlilii mtu ambaye mama yako anasema yuko kazini.

Ikaja likizo ya Aprili, shule zimefungwa na joto linatafuna watu. Buboy, mwongozaji wa kujipachika, alikuwa na mawazo mengi kuliko akili. Walishapiga ile ya kijana anayepeleka posa kwa feni. Walishapiga ile ya mwalimu wa kuogelea anayefundisha ndani ya beseni na kumpulizia kipenga mwanafunzi asiende kina kirefu. Sasa alikuja na mpya.

"Sikilizeni nyie. Maiti kalala kwenye jeneza. Watu wanalia, joto kali, feni ni moja tu na imegeuziwa wenye kulia. Maiti anavumilia, anavumilia, mwisho anaketi: 'Jamani, kufa nimekufa, lakini hata feni?'"

Chona alicheka mpaka akakaa chini. "Na maiti ni nani?"

"Na wewe unauliza? Tunaye mtu ameshakufa usoni miaka miwili."

"Sawa," alisema Wendel.

Walifanyia uwanjani kwa kina Wendel, maana mama harudi kutoka sokoni mpaka jioni. Walifunga turubai, wakapanga viti, wakachukua boksi la friji na kulifunika shuka jeupe. Hapo Buboy akakuna kichwa: matanga bila picha ya marehemu ni matanga gani? Nyumba nzima ilikuwa na picha moja tu yenye fremu, ya Teofilo akiwa na sare nyeupe. Wendel aliishusha ukutani kama mtu anayeepua sufuria.

"We, hiyo si ya baba yako?" Chona alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo."

"Na hujisikii vibaya?"

Wendel alijitafuta ndani, kwa haki kabisa, asione kitu. "Hapana," alisema, akaingia ndani ya boksi.

Chona akaanza kulia, na Chona akilia mbwa wa mtaa wa pili wanaitikia. Manang Pasing, mama jirani wa ukuta mmoja, alichungulia. Aliona turubai, shuka jeupe, na Teofilo katika sare yake. Akapiga ishara ya msalaba. Hakuuliza kitu, maana msibani hakuulizwi, hujiwa. Muda mfupi baadaye akaingia na birika la kahawa na debe la biskuti. Nyuma yake wakaja wanaume na meza ya karata, maana kwao marehemu haachwi peke yake, na bila karata nani atakesha? Viti vikajaa. Buboy, mpumbavu wa Mungu, alidhani bahati imemshukia.

"Waigizaji wa bure!" alimnong'oneza Chona. "Wewe lia tu!"

Ndani ya boksi Wendel alisikia mkono ukitua juu ya shuka, karibu na kifua chake.

"Teofilo," alisema Manang Pasing. "Umechelewa, mwanaume wewe. Mkeo kila siku 'yuko melini, yuko melini,' na sisi tunaitikia kwa vichwa kama mijusi. Umetuchosha. Lakini ahsante kwa kurudi. Mtoto wako amekauka kama kuni. Sasa atapata pa kulilia."

Wendel alisikia kila neno. Alingoja limchome, halikumchoma. Alimsikia Buboy akigonga boksi, ndiyo ishara yake, naye akaketi kama walivyopatana, shuka likimtelemka usoni.

"Jamani," alisema, "kufa nimekufa, lakini hata feni?"

Biskuti ziliruka mpaka kwenye paa la banda la kuku. Wacheza karata walikimbia, mmoja ameshika karata zake kifuani asije akachunguliwa. Manang Pasing ndiye hakukimbia. Alivua kandambili akamcharaza nayo kichwani. "Shetani wewe! Baba yako? Baba yako mwenyewe?"

Kumbe habari ya msiba ilikwisha kufika sokoni. Norma aliingia getini mbio, aproni mwilini, mikono ina magamba ya samaki, nywele zimefumuka. Hakumtazama mtu.

"Yuko wapi?" alisema. "Wameniambia ameletwa. Yuko wapi?"

Buboy alishusha simu.

"Ni mimi, mama," alisema Wendel. "Tulikuwa tunapiga video. Hili ni boksi tu."

Norma alilitazama boksi. Aliitazama picha, akawatazama majirani waliokuwa wakirudi mmoja mmoja kwa aibu. Wote walingoja moto uwake. Yeye akavuta kiti cha mbele, kile cha mjane, akakaa.

"Kahawa ya nani hiyo?"

"Yangu, Norma," alisema Manang Pasing.

"Nimiminie."

Akanywa. Wanaume wakainua meza yao, wakakaa. Karata zikagawiwa upya, kimya kimya. Wendel akatoka ndani ya boksi, akalitandika shuka vizuri, akakaa karibu na mama yake, asijue afanye nini na mikono yake.

Jua lilipopoa Manang Pasing aliaga. Wendel, mtoto wa adabu, aliinuka amfikishe getini. Miaka miwili hiyo kila aliyekuja kutoa pole Norma alimsindikiza mwenyewe, mpaka getini na hatua kadhaa barabarani, kwa makusudi, mtaa mzima uone kwamba nyumba hii haina msiba.

Sasa alimkamata mwanawe pindo la shati.

"Kaa," alisema. "Mfiwa hasindikizi mgeni."

Manang Pasing akaenda peke yake, akafunga geti mwenyewe.

Wendel akakaa. Baba yake alikuwa amekufa.