Shafti Iliyotiwa Kalafati

Harufu ya sifa haiombi ruhusa. Wiki iliyopita nilikuwa kituoni Chalinze nikisubiri basi la kwetu, na kijana mmoja kutoka Saadani akatua dumu lake karibu na miguu yangu. Abiria wakaziba pua, mama mmoja akahama benchi kabisa. Mimi nikabaki pale pale nikivuta pumzi kama mtu aliyeletewa sahani ya pilau. Kwa msiojua mambo ya pwani, sifa ni mafuta ya maini ya papa. Hupakwa vyombo vya mbao ili maji yasipenye, na yakishaingia kwenye shati huyatoi kwa sabuni yoyote. Kwangu ni harufu ya baba. Ni harufu pia ya siku niliyonusurika kuhamishiwa Dar es Salaam.

Baba alikuwa fundi wa vyombo pale Bagamoyo. Mashua ikivuja, au boti ya injini ikianza kutetemeka nyuma, aliitwa yeye. Sikuwahi kusikia chombo kilichopita mikononi mwake kikarudishwa, na majivuno ya jambo hilo niliyabeba mimi kuliko yeye. Shuleni nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba baba yangu akiamua anaweza kuziba hata mvua.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na duka la vitambaa Kariakoo. Yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto. Kila walipokuja kutusalimu, mkaza mjomba alinisuka nywele taratibu mno, kana kwamba anaogopa kumaliza, na mimi nilijilaza mapajani mwake nikisinzia. Nilipokuwa na miaka tisa walikuja na zawadi iliyotoa mtaa mzima nje: boti nyekundu ya umeme, ndefu kama mkono wangu, inayoendeshwa kwa rimoti. Mjomba alisema mtoto wa fundi boti hawezi kupewa mwanasesere.

Tuliipeleka ufukweni alasiri ile ile. Iliondoka ikivuma kama nyuki, ikapanda viwimbi viwili vitatu, halafu ikasimama ghafla na kuanza kuelea ovyo kama kifuu cha nazi. Baba aliingia majini akaitoa. Shafti, yaani kile kijiti cha chuma kinachotoka kwenye mota kwenda kuzungusha propela, chembamba kama spoku ya baiskeli, ilikuwa imeteleza ikarudi nyuma. Skurubu ndogo inayoibana ilikuwa imelegea. Mjomba akaisukuma shafti ndani kwa kidole, boti ikaenda tena kidogo, na shafti ikachomoka tena.

Baada ya chakula, wakubwa wakiwa wamekaa mkekani na mimi nikijifanya nimelala, mjomba alitoa lililomleta. Alikuwa akiniomba mimi. Walitaka wanichukue wanilee, nisome shule nzuri, niwe binti yao. Lazima mwelewe ilivyokuwa kwetu: mtu na mkewe wasio na mtoto wakiomba mtoto kwa ndugu yao, hawanyimwi hivi hivi. Kuwaambia hapana usoni ni kuwaambia hamfai kuwa wazazi, na undugu ungeweza kufa pale pale. Mama asingeweza kukataa, maana aliyeomba ni kaka yake. Baba akacheka.

"Shemeji, huyu ni mtoto wenu pia, siwezi kuwaambia hapana," alisema. "Lakini zawadi yenu imekuja na hitilafu. Niachieni mimi niikaze hiyo shafti. Mkirudi, boti ikienda mpaka kwenye ile nguzo ya kufungia mashua na kurudi yenyewe, mchukueni. Isiporudi, basi tujue riziki yake iko hapa hapa."

"Uikaze wewe halafu isiende?" Mjomba alicheka. "Mfungie nguo zake kabisa."

Wakapeana mikono. Nami chini ya shuka nilisikia kila neno. Nyumba ya mjomba niliijua, nilishalala huko: zulia, feni, na ukimya mwingi kiasi kwamba usiku nilisikia friji likikohoa nikamlilia mama. Sasa mambo yangu yote yalikuwa mikononi mwa fundi asiyejua kushindwa. Nakumbuka niliinuka nikaenda uani, nikainua mikono, nikamwomba Mungu amfanye baba yangu awe fundi mbaya, walau mara moja tu.

Boti ilikaa juu ya kabati bila kuguswa mpaka asubuhi ya siku waliyosema watarudi. Ndipo baba akaishusha, akaipakata, akamwita mama. Mama akaja na pamba aliyoichomoa kwenye mto wake wa kulalia, akampa, akarudi jikoni. Baba akaichovya kwenye sifa, akaisokota ikawa nyuzi nyembamba, kisha akaanza kuishindilia kwenye kile kibomba ambamo shafti hupita. Alitumia chuma chake cha kutilia kalafati, akigonga polepole vile vile anavyoziba nyufa za mashua. Alijaza mbele, akageuza, akajaza na nyuma. Nilikuwa nimechuchumaa kando yake, machozi yako karibu, nikamuuliza kama sasa haitachomoka tena.

"Hii?" akasema akifuta mikono. "Hii haiendi popote."

Ufukweni walikuja watu wengi kuliko mara ya kwanza, maana habari za ile ahadi zilishaenea. Mkaza mjomba alikuwa na viatu vyangu vipya kwenye mfuko wa karatasi. Mjomba akaweka boti majini, akabonyeza. Mota ikanguruma kwa shida, propela haikugeuka hata robo. Akabonyeza tena kwa nguvu. Ukatoka moshi mwembamba, na pakanuka plastiki iliyoungua na papa kwa pamoja. Mjomba akaifungua, akachungulia ndani, halafu akakaa chini mchangani kwa kicheko.

"Shemeji! Umeitia kalafati shafti! Kitu cha kuzunguka ndiyo unakishindilia pamba?"

Ufukwe mzima ukaangua kicheko. Baba akajikuna kichwa.

"Mimi mtu wa mbao, shemeji. Mambo ya umeme nitayajulia wapi?"

Mtu anayecheka hivyo hawezi tena kukasirika, na mikono ilikuwa imeshapeanwa. Mkaza mjomba peke yake hakucheka. Alipiga magoti akanivisha vile viatu, akaniambia nivivae sikukuu, akanibusu kichwani akakawia. Baadaye alimchukua binti wa dada yake, akamlea vizuri sana, na mpaka leo tunaitana ndugu. Lakini siku ile mimi sikuwaza la mtu. Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeizuia tangu usiku wa mkekani, nikakimbia mpaka nyumbani na viatu vipya miguuni, nikala ukoko wote wa sufuria.

Aibu ilikuja kesho yake. Vijana walimpa baba jina la Fundi Pamba, wakawa wanamwitia njiani. Mwenye boti mmoja wa Mbegani aliyekuwa mteja wake wa siku zote alipeleka shafti yake kwa fundi mwingine. Baba aliitikia lile jina, akacheka pamoja nao. Mimi niliacha kujigamba shuleni. Nilifurahi kubaki, na nilimwonea haya baba aliyenifanya nibaki.

Basi wiki iliyopita nilifika nyumbani nikiwa bado nanukia lile dumu la Saadani. Nilimkuta baba ufukweni, mvi tupu, akimfungia mtu shafti ya boti ya injini. Aliizungushia kamba yenye grisi, akakaza nati kwa vidole tu, kisha akatulia akitazama. Tone moja la maji likajitokeza, likadondoka.

"Iache idondoshe hivyo hivyo," alimwambia mwenye boti. "Shafti haizibwi kabisa. Ukiikaba, inaungua."

Nilisimama nikimtazama, mfuko wa machungwa mkononi.

"Baba," nikamwambia, "hilo umelijua lini?"

Hakuinua uso. "Hata mama yako nilikuwa sijamwoa."

Akaninyooshea spana nimshikie.

Nyumbani nilipanda kiti nikaishusha ile boti, ambayo bado iko juu ya kabati. Mama alikuwa mlangoni, akaniona, akarudi jikoni, kama siku ile ya mto. Pamba imekauka, imekuwa ngumu kama ubao. Niliishika propela nikajaribu kuizungusha kwa nguvu zangu zote za mtu mzima.

Haikusogea. Baba aliikaza kweli.