Anayesimama Mwisho wa Mstari

Siku mbeba mitungi wa hospitali alipomwona kwa mara ya kwanza, mama yule alikuwa amekaa wima kitandani, barakoa ya oksijeni usoni, akiwatazama wajenzi dirishani. Mbeba mitungi alifunga mtungi mpya, akageuka aondoke kimyakimya. Miaka kumi na minane hospitalini, wagonjwa wengi waliujua mgongo wake tu.

"Wewe, Bwana Mtungi! Hewa hii ikishaingia kifuani, inakwenda wapi?"

Akakuna kichwa. Darasa la saba halikumfikisha huko.

Mama alikuwa mwalimu wa baiolojia mstaafu. Mume alishatangulia, mtoto hakujaliwa. Kiti cha wageni kilikuwa kimewekewa mashuka. Basi kila asubuhi mtungi ulipobadilishwa alimfundisha kipande kimoja, maana pumzi yenyewe ilikuwa ya kuokoteza. Akamwonyesha wajenzi waliopanga mstari, wakipokezana matofali.

"Ndani ya seli zako mna vijumba. Chakula huleta humo elektroni, vitu vidogo kuliko vumbi. Kwenye ukuta wamejipanga wapokezi. Huyu anampa huyu. Kila elektroni zinapohama, nguvu kidogo hutoka, na hiyo husukuma protoni, chembe nyingine ndogo, upande wa pili wa ukuta. Zikisongamana, hurudi kwa mlango mmoja, zikizungusha kinu. Kinu hicho ndicho kinachosaga nguvu ya hata kuinua kope."

"Na oksijeni, Mwalimu?"

"Imesimama mwisho. Inapokea elektroni, inashikana na protoni, inakuwa maji. Isipokuwepo, kila mtu anabaki na tofali mkononi."

Siku moja akamwambia, "Nimefundisha miaka thelathini na mitatu. Nataka mtu anirudishie somo kabla sijaondoka. Usinitazame hivyo, daktari kaniambia."

Kusema mbele ya mtu, yeye mbeba mitungi! Nyumbani hakuwa na wa kumwamkia. Siku tatu alijifunzia stoo, mbele ya mitungi mitupu.

"Vipi, imeanza kukujibu?" mtunza stoo akamtania.

Ijumaa mama alikuwa akihema kama aliyepanda mlima. Bwana Mtungi akasimama, mikono nyuma kama mwanafunzi, jasho likimtiririka. Akaanza na chakula, akapita wapokezi, ukuta, kinu.

"...na oksijeni inapokea, mstari unaendelea. Nimemaliza, Mwalimu."

Kesho yake angekuta kitanda kimetandikwa upya. Lakini asubuhi ile mama alishusha barakoa, akatabasamu upande mmoja.

"Saba kwa kumi," akasema. "Umesahau maji."