Bafta Mbichi Ghorofani kwa Mzee Mwinyikondo

Afadhali niseme mwenyewe kabla Maganga hajafungua domo lake, maana akianza yeye atawaambia nililia mpaka kilemba kikadondoka, na huo ni uongo mtupu, mimi siku ile nilivaa kofia. Haya, aibu ni yangu na naibeba: mimi ndiye yule fundi cherehani wa Kisarawe aliyemchimbia kaburi mtu aliyekuwa anakunywa uji. Chekeni kwanza mmalize, ndipo niendelee.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, vita kubwa ya pili imekwisha, nami nashona barazani kwa Mhindi mmoja mwenye duka la nguo na vyakula, mkabala kabisa na ghorofa la Mzee Mwinyikondo. Nyinyi mmelikuta magofu, lakini wakati ule lilikuwa jumba kweli kweli, vyumba chini, vyumba juu, sakafu ya juu ya mbao na paa la bati, na mwenyewe mzee, tajiri wa nazi na korosho, alikuwa akishinda dirishani huko juu akigombeza kila apitaye. ("Wewe Fundi! Suruali ya mwalimu umeipinda kama mkia wa mbwa!" Njia nzima inasikia.) Sauti ile ile ndiyo iliyonipa mchumba. Zuhura alikuwa mjukuu wake, baba yake alishafariki, kwa hiyo babu ndiye walii wake, mwenye idhini ya kumwozesha, na siku nilipopeleka posa mzee alitoa kichwa dirishani akatangazia mji, "Zuhura nimempa Fundi Ramadhani, mwenye kununa anune!" Aliyenuna ni Mzee Selemani wa Mlandizi, baba mkubwa wa Zuhura, ambaye alimtaka karani wa shamba la mkonge huko Ruvu. Na sheria mnaijua, babu akiondoka duniani, walii anakuwa huyo Selemani. Basi ndoa yangu yote ilikuwa inaning'inia kwenye pumzi za mzee mmoja.

Na mimi, sikatai, ni mtu wa kushuku. Hata nikitiliwa sukari nyingi kwenye chai huwa najiuliza huyu anataka nini.

Kipupwe cha mwaka ule kilikuja na ubaya wake, baridi na upepo mkavu unaopasua midomo, na siku moja nikaona dirisha la mzee limefungwa. Kesho yake halikufunguliwa. Hakuna anayegombezwa, hakuna anayetukanwa, mji umepoa mpaka nikajichoma sindano kidoleni kwa kuangalia juu. Mara namwona Bi Tatu, mke wa mzee, kupitia mlango wao wa mbele, anapandisha ngazi na karai la maji. Akashuka mikono mitupu. Akapandisha beseni. Akapandisha na lile sufuria kubwa la kupikia pilau la shughuli, limejaa maji pomoni! Nikasema moyoni, haya maji yanapanda tu, hayashuki, wala sijaona mtu akimwaga hata tone uani. Wanamwosha nani huko?

Sasa mngekuwa nyinyi mngevuka njia mkauliza. Mimi sikuweza. Nilikuwa mposaji, na mposaji kwetu haingii ukweni kabla ya nikaha, hata kupita mbele ya mlango wao nilikuwa napita nimeinamisha kichwa, ng'ambo ya pili ya njia. Nikabaki na cherehani yangu na mawazo yangu.

Halafu Bi Tatu akaja dukani. Akataka bafta nyeupe, na si kidogo, Mhindi alipima mpaka mkono ukamchoka. Nikasimama kwa heshima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Fundi."

"Nikupigie pindo? Ni kazi ya mara moja tu, sitaki ujira."

"Haina haja ya pindo," akasema, na macho yake mekundu kama pilipili, akaikunja haraka akaondoka.

Jamani, mimi ni fundi. Shuka ya kitanda inapigwa pindo, kanzu inapigwa pindo, hata kitambaa cha kufunikia chakula kinapigwa pindo. Nguo nyeupe ambayo haiguswi na uzi wala sindano ni moja tu, na kila mmoja wenu atavalishwa siku yake. Nikakaa chini.

Jioni ile Zuhura akaja kununua chumvi, naye macho mekundu vile vile. Nikamwuliza huku nikijifanya natia uzi, "Babu hajambo?" Akatazama nyuma, akatazama barabarani, akaninong'oneza, "Bibi amesema nisimwambie mtu. Hasa weye." Akakimbia na chumvi yake. Hasa mimi! Kwa nini hasa mimi?

Asubuhi yake nafungua kazi, lori linasimama, na nani anashuka? Mzee Selemani wa Mlandizi, na mkoba wake. Akaingia ghorofani bila kunitazama, mlango ukafungwa. Hapo hesabu yangu ikatimia. Mzee amekufa, wamemficha, wamemwita huyu awe walii, watamwozesha Zuhura kwa karani kisha ndipo watangaze msiba. Nikajiambia, Ramadhani, usilale. Mkwe aliyeshika jembe la kwanza kaburini, aliyelia kabla ya watoto wa marehemu, nani atathubutu kumnyima mke mbele ya mji mzima? (Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo, msinitazame hivyo.)

Ningekwenda peke yangu labda yangeishia hapo. Lakini nilimpitia Maganga kuomba jembe. Maganga ni Mnyamwezi, mtani wetu sisi Wazaramo, na mtani hukosi kumwona msibani, ndiyo kazi yake, kukejeli marehemu na kuwachekesha wafiwa. Nikamwambia kwa siri, "Mzee Mwinyikondo hatunaye, ila wamemficha, usimwambie mtu." Akasema, "Kinywa changu kaburi." Tulikuwa hatujafika kiunoni kwenye kuchimba, na mji wote unajua.

Wanawake wakaanza kumiminika na kanga wamejitanda, Mhindi akafunga duka, jeneza likatolewa msikitini, na Maganga mbele kabisa, amevaa koti kichwachini, anamwiga marehemu: "Wewe! Umepinda kama mkia wa mbwa!" Watu wanalia na kucheka kwa pamoja. Nami nikatangulia, udongo umenijaa magotini, nikafika mbele ya mlango wa ghorofa, nikaachia kilio changu chote. "Babu yanguuu! Uliyenipa mke mbele ya watu! Walikuficha, babu, lakini mimi nimekuona!" Nililia vizuri, nasema kweli, maana mbali ya hila zangu mzee yule nilimpenda.

Dirisha la juu likafunguka.

Akatokea mtu amejifunika nyeupe kuanzia utosini, nguo imelowa inachuruzika maji, mdomo unafunguka na kufumbika na hakuna sauti inayotoka. Akatunyooshea kidole.

Mtume! Sijapata kuona watu wakitawanyika vile. Waliobeba jeneza walilitupa, mimi nikageuka nikimbie nikalikwaa, nikaangukia ndani yake, nikajikuta nimelala chali kwenye jeneza namtazama maiti aliye dirishani, naye ananitazama mimi. Nikafumba macho nikatoa shahada. Nilipofumbua, mzee yuko mlangoni, bakuli la uji mkononi, Bi Tatu na Zuhura nyuma yake, na Mzee Selemani juu yao wote kwenye ngazi. Babu akainama, akanong'ona kwa sauti iliyokwaruza kama msasa:

"Nani kafa?"

Na mji mzima, waliokuwa nyuma ya miti na waliokuwa chini ya baraza, wakaninyooshea kidole mimi.

Bi Tatu ndiye aliyeeleza, na alieleza kwa hasira mpaka kanga ikamtoka kichwani. Mzee alikuwa anasikia baridi huko juu, wakamwekea jiko la makaa chumbani usiku na mchana (ndio moshi uliowapa wote macho mekundu), na jiko na bati na upepo wa kipupwe vikakausha ghorofa zima, mbao za sakafu zikaachana, mzee akatokwa damu puani, midomo ikampasuka, koo likakauka mpaka sauti ikaondoka. Mganga wa zahanati ya serikali akawaambia watoe jiko, wafunge madirisha, waweke maji kwenye vyombo vipana kila chumba cha juu na watundike nguo nyeupe mbichi kwenye kamba ili hewa ipate unyevu. Nguo ya kutundika kwenye kamba, pindo la nini? Na mzee aliposikia kilio akakimbilia dirishani, moja ikamwangukia kichwani. Na mzee asiseme hata neno mpaka koo lipone, ndiyo maana siri. "Kwa sababu watu wakijua anaumwa watakuja kumjulia hali," akasema Bi Tatu, "na huyu akimwona mtu hawezi kunyamaza. Hasa akikuona weye, Fundi, hamalizi kukugombeza!" Mzee Selemani alikuwa amekuja kumwona baba yake, basi. Mkoba ulikuwa na asali.

Mzee Selemani akashuka ngazi polepole. "Baba, huyu ndiye unayempa mtoto wetu? Aliyekuchimbia kaburi?" Pale niliona Zuhura ananipotea. Aliinamisha uso kwenye kanga, mabega yanamtikisika, na sikujua analia au anacheka.

Aliyeniokoa, au aliyenimaliza, ni Maganga. "Wazaramo, kaburi liko wazi! Halifukiwi tupu hilo, litaita mtu! Mleteni mgomba uzikwe!" Na kweli, ndivyo ifanywavyo, kaburi lililochimbwa bure huzikwa mgomba. Ukakatwa mgomba nyuma ya nyumba, ukalazwa kwenye jeneza, na mbebaji wa mbele nikawa mimi, Maganga ananipiga fimbo za utani njia nzima, "Lia, mfiwa! Mbona ulikuwa unalia vizuri?" Mzee akatufuata na bafta yake begani, akasimama juu ya kaburi akitazama ninavyofukia, na anacheka bila sauti mpaka machozi yanamtoka. Tuliporudi akamvuta Selemani, akamnong'oneza huku sisi wote tumetega masikio:

"Aliyenililia nikiwa hai, nitamnyima mjukuu? Ila maji yote ya juu atabeba yeye mpaka kipupwe kiishe."

Nikabeba. Kila asubuhi kabla ya cherehani napanda na karai, nalowesha bafta, natundika, najaza masufuria, na mzee kila akinisikia kwenye ngazi anajinyoosha kitandani, anakunja mikono kifuani, anazuia pumzi. Mimi namwaga maji kwenye beseni nasema, "Babu, sikulii tena." Ndipo anafumbua jicho moja. Sauti ilipomrudia, neno la kwanza alilotoa dirishani lilikuwa, "Fundi! Mgomba umeota?" Nikaoa nikiitwa Mfiwa wa Mgomba, na watoto wangu wanaitwa hivyo hivyo madrasani mpaka leo.

Pale pale kaburini niliapa: sitashika jembe wala kumlilia mtu kwa kuona dirisha limefungwa, nitapiga hodi, niingie, nimwone kwa macho yangu. Kiapo hicho nimekishika. Hata miaka ilipopita, na masika moja Zuhura akaja dukani mbio hana viatu, akasema babu ameondoka, mimi sikulia. Nikapiga hodi, nikapanda ngazi na karai la maji, sijui hata kwa nini nililichukua, mvua inanyesha na unyevu ulikuwa umejaa kila mahali. Amenyooka kitandani, mikono imekunjwa kifuani, kama kawaida yake. Nikaketi. Nikamwambia, "Babu, sikulii tena," nikangoja lile jicho.

Nikangoja sana. Watu wameniacha, mpaka Maganga akapanda, akalitoa karai mkononi mwangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani.

"Lia, Fundi," akasema. "Safari hii ni kweli."